Mkataba wa Samaki

Waliletwa usiku kwa lori, karpi mia nne na ushei,
wakamwagwa katika tangi la bluu
kati ya soda na karatasi za chooni.
Mimi nililetwa alfajiri, kwa gari la wakala.
Mkataba wetu sote ulikuwa mmoja:
hadi Desemba ishirini na nne, saa sita mchana.

"Jina?" aliuliza bwana Radzimir, hakuinua kichwa.
Nikasema, Jagoda Wilczek.
Akaandika: Tangi, namba mbili.
Namba moja alikuwa Solomiya, mtu wa Ternopil,
kwao mwalimu wa hisabati,
hapa akihesabu mapezi.

Glavu? Glavu ni za wafanyakazi wa kudumu.
Kiti? Kiti kinaharibu sura ya duka.
Chooni mara mbili kwa zamu, tena unyooshe mkono kwanza,
kama mtoto wa darasa la pili,
mimi wa miaka hamsini na mitatu, magoti ya sabini.

Maji yale yana baridi inayojua kusoma:
hupitia kidole baada ya kidole, hairuki herufi,
ikifika kiwikoni
hurudi kuanza ukurasa upya.

Shika nyuma ya matamvua. Usimtazame machoni.
Rungu, mara moja.
Mteja akitaka aliye hai, mtie mfukoni na maji kidogo;
wapo wanaomweka bafuni hadi sikukuu,
watoto wakampa jina.
Hapo ndipo nilipomwonea samaki wivu:
siku tatu, bafu zima lake, na jina.

Juu yetu spika ziliimba, wimbo uleule, mara kumi na moja kwa zamu,
habari za mtoto aliyezaliwa zizini kwa kukosa nafasi.
Bwana Radzimir akaufuata kwa mluzi.

Jengo hili mama alilijua kabla halijavishwa vioo.
Kilikuwa kiwanda cha nguo, kama nusu ya Łódź ilivyokuwa;
alisimama humu miaka thelathini na mmoja
mbele ya mashine zilizomla masikio.
Lakini alikuwa na kabati lenye kufuli,
na alipougua walikuja watu watatu na machungwa.
Mimi nilipoteleza siku ya nne, nikaangukia ubavu,
kilichokuja ni kibao cha njano: Sakafu Imelowa.
Na dakika ishirini zikakatwa.

Kibarua, yaani barua ndogo,
ndogo hata anayeipokea haoni haja ya kuifungua.
Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi jembe lilitangulia salamu.
Na nyasi zingeota juu ya kibarua chetu,
ila ni Desemba. Kimeota barafu.

Siku ya mwisho, saa tano na nusu, zikaja karatasi za malipo.
Solomiya akaisoma yake, akaisoma yangu,
akageuza kibao cha bei, akatwaa chaki,
akaandika kwa ule mwandiko wa ubaoni, mnyoofu:

Saa walizofanya: 94.
Saa walizolipwa: 81.
Tafuta tofauti.

Foleni ikasoma. Watu wazima wakatazama viatu vyao.
Kijana mdogo mwenye kofia ya manyoya, pua kwenye kioo cha tangi,
akanyoosha mkono.
"Kumi na tatu!"
"Vizuri sana," alisema Solomiya. "Na nani anazidaiwa?"

Bwana Radzimir alikifuta kibao kwa mkono wa koti.
Chaki ikamganda,
akatembea nayo hadi ofisini, kumi na tatu yetu,
bila kujua.

Jioni, kwa desturi yetu, mezani huachwa sahani moja tupu,
ya mgeni asiyetarajiwa.
Safari hii ilikaliwa.
Tulikula kabichi, na uyoga, na mkate.
Karpi alipita, akapita tena.
Vidole vyetu, vyote ishirini, vilikuwa bado havijarudi kutoka majini,
na uma ukianguka
tulicheka, tukaacha uanguke.